Kifungo cha Dawa za Kulevya na Silaha: Rufaa Inavyokatwa Kitale na Bungoma

Lori linalotoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda hupita Nairobi, Nakuru na Eldoret, kisha Webuye na Bungoma kabla ya kufika mpaka wa Malaba. Kijana wa Changamwe au Miritini anayefanya kazi ya taniboi anaweza kukamatwa Bungoma, akashtakiwa huko na kufungwa huko, ilhali mamake yuko karibu kilomita 900 mbali. Kitale nako ni njia panda. Barabara moja inakwenda Suam kwenye mpaka wa Uganda, nyingine inapanda Lodwar hadi Lokichoggio kuelekea Sudan Kusini. Katika maeneo haya polisi wanasaka bangi inayovushwa mpaka, na wanasaka bunduki pia.

Familia za namna hii huniuliza swali moja: kifungo hiki kinaweza kukatiwa rufaa, na tuanzie wapi? Mimi si wakili. Ni mwandishi ambaye kwa miaka mingi nimekaa viti vya nyuma mahakamani na kusoma hukumu zikishatolewa. Nimeona rufaa nzuri zikipotea kwa sababu ndogo, na kubwa kuliko zote ni hii: jamaa huenda kutafuta mtu wa kuongea na hakimu, wakati walichotakiwa kutafuta ni karatasi. Rufaa ni ukaguzi wa faili. Asiye na faili hana rufaa.

Kwa nini mahakama za huko ni kali

Wakaazi wa magharibi wana makovu yao. Kati ya 2006 na 2008 kundi la SLDF liliua na kutesa watu Mlima Elgon kwa sababu ya mzozo wa ardhi, hadi serikali ikapeleka jeshi mwezi Machi 2008 katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Jeshi nalo lililaumiwa kwa mateso. Ukiongeza wizi wa mifugo unaotumia bunduki upande wa Pokot na Karamoja, utaelewa kwa nini hakimu wa Kitale au Kimilili hachukulii risasi tano kuwa jambo dogo. Kenya pia ni mmoja wa waliotia saini Itifaki ya Nairobi ya 2004 inayozitaka nchi za eneo hili kudhibiti silaha ndogo ndogo.

Sisi wa pwani tuna makovu yetu ya unga. Tukisikia dawa za kulevya na silaha kwa pamoja, wengi hukumbuka ndugu wa Akasha wa Mombasa waliokiri makosa mbele ya mahakama ya New York mwaka 2018. Baktash alifungwa miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Lakini wengi waliojaa magereza yetu si wa tabaka hilo. Ni dereva, taniboi, mchuuzi, au mwanamke aliyepewa mzigo asafiri nao. Mwenye hatia na afungwe. Ninachosema ni kwamba afungwe kwa ushahidi, na kwa kiwango ambacho sheria imeweka.

Sheria mbili

Mashtaka ya dawa huja chini ya Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, Nambari 4 ya 1994. Kifungu cha 3 ni cha kupatikana na dawa. Kifungu cha 4 ni cha ulanguzi, na kwa muda mrefu kilibeba faini ya shilingi milioni moja au mara tatu ya thamani ya dawa, pamoja na kifungo kinachoweza kufika maisha. Mwaka 2022 Bunge liliifanyia sheria hii marekebisho. Faini zikapanda hadi makumi ya mamilioni, na vifungo vya miaka 30 na 50 vikaingia.

Hapa pana jambo la kukagua mapema: kosa lilitendeka lini? Katiba ya 2010, Ibara ya 50(2)(p), inasema kwamba adhabu ya kosa ikibadilishwa kati ya siku ya kosa na siku ya hukumu, mshtakiwa apewe ile iliyo nafuu.

Mashtaka ya silaha huja chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kosa la kawaida ni kupatikana na bunduki au risasi bila cheti, chini ya kifungu cha 4. Kwa silaha zilizopigwa marufuku, sheria imetaja kifungo cha kati ya miaka 7 na 15. Kwa bunduki za kivita kama AK-47 na G3, adhabu inaweza kufika maisha.

Siku 14

Kesi hizi husikilizwa na mahakimu, iwe ni mjini Kitale au Bungoma, au kwenye mahakama ndogo za Kimilili, Webuye na Sirisia. Rufaa ya kwanza inakwenda Mahakama Kuu, kwa jaji aliyeko Kitale au Bungoma. Muda uliowekwa na kifungu cha 349 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai ni siku 14 tangu kutolewa kwa adhabu.

Siku 14 ni chache. Familia ya pwani huzimaliza ikichanga nauli. Kwa bahati, kifungu hicho hicho kina mlango wa pili. Mahakama inaweza kupokea rufaa iliyochelewa kwa sababu ya msingi. Na ikiridhika kwamba ucheleweshaji ulitokana na kukosa nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi ndani ya muda unaofaa baada ya kuziomba, basi haina hiari, lazima iipokee.

Zingatia maneno hayo: baada ya kuziomba. Ndiyo maana nashauri kila familia iandike barua siku ile ile ya hukumu, au kesho yake, kuomba nakala ya mwenendo wa kesi na ya hukumu. Barua itaje nambari ya kesi, ipelekwe masjala, na nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Karatasi hiyo moja inaweza kuokoa miaka. Kupata kumbukumbu hizo ni haki iliyo kwenye Ibara ya 50(5) ya Katiba, kwa malipo yasiyozidi kiasi.

Aliyeko gerezani hahitaji kusubiri jamaa afike. Kifungu cha 351 kinamruhusu kukabidhi ombi lake la rufaa kwa mkuu wa gereza, naye ana wajibu wa kulifikisha mahakamani. Kwa hivyo, mzazi aliye Mombasa akipata simu kutoka gereza la Bungoma au Kitale, neno la kwanza liwe: mwanangu, umeshamkabidhi afande ombi lako la rufaa?

Sababu za rufaa

Ombi la rufaa linataja sababu. Wengi huandika mstari mmoja tu kwamba adhabu ni kali na wao ndio wategemewa wa familia. Hapo pana hatari, kwa kuwa kifungu cha 352 kinamruhusu jaji kuitupa bila kuisikiliza rufaa inayolalamikia uzito wa ushahidi au ukali wa adhabu tu, iwapo haoni msingi wowote. Sababu ziguse faili.

Msimamo wa tangu kesi ya Okeno ya mwaka 1972 ni kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza inapima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi wakizungumza. Nafasi hiyo hupatikana mara moja. Hizi ndizo sehemu ambazo mimi huzitazama kwanza ninaposoma hukumu za aina hii.

Umiliki. Mkoba umekutwa chini ya kiti cha lori lililokuwa na watu watatu. Nani aliujua? Kisheria, kupatikana na kitu kunahitaji kukijua na kuwa na udhibiti juu yake. Kukaa karibu nacho hakutoshi. Hoja hii ni moja kwa dawa na kwa bunduki.

Ulanguzi au kupatikana? Sheria inataja vitendo vya ulanguzi: kununua, kuuza, kuhifadhi, kusafirisha, kusambaza na kadhalika. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba upande wa mashtaka uonyeshe ni kitendo kipi. Ikishindikana, hatia inaweza kushushwa kutoka ulanguzi hadi kupatikana na dawa, na tofauti ya adhabu ni kubwa.

Mizani na mkemia. Kifungu cha 74A kinataka dawa zilizokamatwa zipimwe uzito na sampuli zichukuliwe, inapowezekana mbele ya mshukiwa, wakili wake na mtaalamu. Linganisha uzito uliotajwa kwenye hati ya mashtaka, kwenye ushahidi wa polisi na kwenye ripoti ya Mkemia wa Serikali. Fuata mkono kwa mkono: nani alikamata, nani alihifadhi, nani alipeleka maabara, nani alirudisha. Pakiwa na pengo, liandike. Lakini usijidanganye kwamba kila kosa la utaratibu linaangusha kesi. Mahakama huuliza kama kosa hilo lilileta dhuluma.

Hati ya thamani. Faini ya mara tatu ya bei ya dawa haiwezi kukisiwa. Lazima kuwe na afisa aliyeidhinishwa aliyethibitisha thamani hiyo.

Mtaalamu wa silaha. Kipande cha chuma hakiwi bunduki kwa kuitwa bunduki na polisi. Mtaalamu huichunguza, huijaribu, na kutoa ripoti kama inaweza kufyatua na kama risasi ni nzima. Angalia nambari ya silaha kwenye ripoti kama inafanana na ile ya kwenye orodha ya vitu vilivyokamatwa.

Kukiri kosa. Aliyekiri, kifungu cha 348 kinamfungia rufaa dhidi ya hatia. Anabaki na uhalali na kiwango cha adhabu tu. Hata hivyo kukiri kwenyewe kunaweza kukaguliwa. Kesi ya Adan ya 1973 iliweka hatua zake: shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, jibu liandikwe kwa maneno yake, maelezo ya kosa yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyakubali au kuyapinga. Hatua ikirukwa, kukiri hakukuwa kamili. Vijana wengi hukiri siku ya kwanza kwa kuambiwa kwamba watatozwa faini ndogo waende nyumbani. Kwa mashtaka haya, faini ndogo haipo.

Hesabu ya miaka

Kuna rufaa ambazo hatia haitikisiki, lakini adhabu inaweza kupunguzwa. Mahakama ya juu haibadilishi adhabu kwa sababu tu jaji angetoa nyingine. Tangu kesi ya Ogola mwaka 1954, kipimo ni kama hakimu alifuata kanuni potofu, aliacha kuzingatia jambo muhimu, au alitoa adhabu iliyopita kiasi waziwazi.

Jambo la kwanza ni neno la sheria. Pale sheria ya dawa iliposema mtu "anaweza kupewa" kifungo cha maisha, Mahakama ya Rufani ilieleza mwaka 2014 kwamba maisha ni kilele cha adhabu na hakimu ana hiari chini ya hapo. Hakimu aliyejiona amefungwa mikono alikosea kanuni, na hiyo ni sababu ya rufaa. Lakini watu wasiibebe kesi ya Muruatetu ya 2017 kila mahali. Mahakama ya Juu ilifafanua Julai 2021 kwamba uamuzi ule ulihusu adhabu ya lazima ya kifo kwa mauaji, basi.

La pili ni vifungo viwili. Huyu wetu ameshtakiwa kwa dawa na kwa silaha. Tuseme amepewa miaka 20 kwa dawa na 10 kwa bunduki. Vikitumikiwa kwa kufuatana ni miaka 30, vikitumikiwa kwa pamoja ni 20. Hakimu asiposema kitu, sheria inavifuatanisha. Kama vitu vyote vilikutwa mahali pamoja, wakati mmoja, katika tukio moja, kuna hoja nzito ya kuomba viende pamoja.

La tatu ni muda wa rumande. Kifungu cha 333(2) kinataka muda aliokaa korokoroni kabla ya hukumu uzingatiwe. Aliyekosa dhamana akakaa miaka mitatu akisubiri kesi iishe, miaka hiyo ni yake. Soma ukurasa wa mwisho wa hukumu. Kama hakimu hakuutaja muda huo, uwe miongoni mwa sababu za rufaa.

La nne ni faini isiyolipika. Kwa kanuni ya jumla ya kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu, faini inayozidi shilingi 50,000, hata iwe milioni moja, ikishindikana kulipwa huleta kifungo kisichozidi miezi 12, isipokuwa sheria ya kosa hilo imesema vingine. Akipewa miaka mingi badala ya faini, uliza imetoka wapi.

Mwisho, kuna msamaha wa theluthi moja kwa tabia njema chini ya Sheria ya Magereza. Wa miaka 20 anaweza kutoka baada ya miaka 13 na miezi minne. Wa maisha hana theluthi. Kwa hivyo kubadilishiwa maisha kuwa miaka yenye idadi ni ushindi mkubwa, hata kama idadi hiyo inatisha.

Rufaa inaweza kuuma

Kifungu cha 354 kinampa jaji uwezo wa kufuta hatia, kuibadilisha, kupunguza adhabu, kuamuru kesi ianze upya, na pia kuongeza adhabu. Mkata rufaa huonywa mapema iwapo kuongezewa kunazingatiwa, na akionywa ni wakati wa kushauriana na wakili kama aendelee au aondoe rufaa. Aliyepewa miaka michache kuliko kiwango cha chini cha sheria afikiri mara mbili kabla ya kuigusa.

Kusikilizwa upya nako si sawa na kuachiliwa. Kesi ya Fatehali Manji ya mwaka 1966 ilisema kesi irudiwe pale ambapo ya kwanza ilikuwa na dosari za kisheria, na isiwe njia ya kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake.

Wengi huuliza kuhusu dhamana wakati rufaa ikisubiri. Kifungu cha 357 kinairuhusu, lakini mlango ni mwembamba. Aliyehukumiwa hachukuliwi tena kuwa hana hatia, na lazima aonyeshe kwamba rufaa yake ina nafasi kubwa sana ya kushinda. Ugonjwa na familia kuteseka havitoshi peke yake. Nashauri pesa za kutafuta dhamana hii, kama ni za kukopa, ziwekwe kwenye rufaa yenyewe.

Baada ya Mahakama Kuu

Ukishindwa Kitale, njia inakwenda Mahakama ya Rufani kwenye kikao cha Eldoret, na Bungoma inakwenda Kisumu. Notisi itolewe ndani ya siku 14 nyingine. Lakini kifungu cha 361 kimeifunga rufaa hii ya pili kwenye hoja za sheria tu, na kimesema wazi kwamba ukali wa adhabu ni suala la ukweli, si la sheria. Majaji watatu hawatasikiliza kwamba miaka 20 ni mingi. Hesabu yote niliyoieleza hapo juu ipigwe kwenye Mahakama Kuu, maana hapo ndipo inaposikilizwa.

Ushahidi mpya na wenye uzito ukipatikana baadaye, Ibara ya 50(6) inaruhusu kuiomba Mahakama Kuu kesi mpya. Na kamati ya huruma ya rais chini ya Ibara ya 133 ipo, lakini hiyo ni huruma. Kwanza maliza haki.

Pesa ya familia iende wapi

Mtu akikupigia simu kwamba anamjua karani wa jaji, au kwamba faili "litapotezwa", kata simu. Rufaa hupita mbele ya jaji na wakili wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na faili likipotea anayeumia ni aliye ndani, kwa sababu hakuna cha kukagua. Pesa ya kwanza ni ya nakala za mwenendo wa kesi. Ya pili ni ya wakili wa kuzisoma, hata kama ni kwa ushauri wa siku moja. Wakili wa Bungoma au Kitale anaweza kuwa nafuu kuliko kumsafirisha wa Mombasa, na siku hizi mfungwa huweza kufikishwa mbele ya jaji kwa njia ya video.

Asiye na uwezo ana pa kwenda. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Mombasa kuna MUHURI na ofisi ya Kituo cha Sheria. Hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na kijana yeyote wa nyumbani aliyesoma anaweza kutafuta za Kitale na Bungoma zenye mashtaka yanayofanana na ya ndugu yake, akaona majaji wa huko wanavyopima.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kesi hizi ni wiki mbili za mwanzo. Kama hukumu imetolewa leo, andika barua ya masjala leo, na umuulize aliye ndani kama ombi lake limeshafika kwa mkuu wa gereza. Mengine yote yanaweza kusubiri nauli.